Re: Blair Witch Project, mbona wengine wasema haitishi?

Ndugu yangu, umeuliza mbona The Blair Witch Project, ile muvi ya kutisha ya 1999 ya vijana watatu wanaopotea msituni wakirekodi habari za mchawi, wengine waisifu na wengine wasema ni kupoteza muda, na kama yafaa kuangaliwa leo. Yafaa, tena sana. Wengi wanaoilalamikia walikuwa wakingoja kumuona huyo mchawi, na haonekani mwanzo hadi mwisho, wengine ni ile kamera kutikisika mpaka kichwa chawazunguka, hao siwalaumu. Lakini mimi naona huko kutoonekana ndio utamu wenyewe, sisi wa pwani tumekua na hadithi za majini, kishindo juu ya bati usiku chatisha kuliko jini la kupakwa rangi.

Na ule uoga si wa kuigiza tu. Wale waigizaji watatu ndio walioshika kamera wenyewe, msituni huko Maryland, siku 8 hivi, maelekezo waachiwa kwenye vikaratasi ndani ya vikopo vya filamu, chakula chapunguzwa kila siku, usiku hema latikiswa wamelala. Hebu sikiza sauti zao pale wanapogombana juu ya ramani, hao ni watu wamechoka na wana njaa kikweli. Bajeti ilikuwa kidogo mno na bado ikaingiza karibu dola milioni 248, maana kwenye intaneti ya wakati ule wengi waliamini ni kanda ya kweli.

We iangalie usiku, taa zima, simu weka mbali, na usiiangalie na kundi la wapiga domo, ile kimya ikivunjwa tu hamna kitu tena hapo.