Barua kwa mwanangu: wimbo wa kuingilia ukumbini

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo, mguu wa mama yako umepungua uvimbe. Nimepata swali lako: siku ya harusi mwingie ukumbini na wimbo gani wa Barry White, "Love's Theme" usioimbwa, au "You're the First, the Last, My Everything".

Nitakujibu. Ila kwanza ujue kwamba yule bwana, pamoja na sauti yake yote ile nzito, hakutaka kuimba. Alizaliwa Galveston, Texas, mwaka 1944, akakulia Los Angeles, na ujanani alifungwa kwa kuiba matairi ya Cadillac. Alipoingia kwenye muziki alipenda kukaa nyuma, kuwatungia wengine. Mwaka 1972 kundi lake la waimbaji wa kike watatu, Love Unlimited, lilitamba na wimbo ambao yeye anasikika kwenye simu tu. Kisha akawa na nyimbo nyingine mkononi, anatafuta mwanamume wa kuziimba. Mwenzake, Larry Nunes, akamng'ang'ania: imba mwenyewe. Na akiimba, mara nyingi huanza kwa kuongea. Muziki unapita chini chini, anamweleza mwanamke yaliyo moyoni, ndipo sasa aimbe. Maneno kwanza, mwanangu. Nimewaambia hivyo tangu mkiwa wadogo.

Mimi sikufanya hivyo. Harusi yetu, 1984, niliazima kanda kwa ba'mdogo wako ili Barry anisemee. Nimesimama mbele ya mama yako, ukumbi kimya, sauti ikaanza kunguruma, mara redio ikaitafuna kanda. Ikavuta, ikavuta, ikakata. Bibi yako mzaa mama alikuwa mstari wa mbele, mkoba mapajani, ananitazama. Neno moja lingetosha. Nikainama, nikaichomoa kanda, nikaanza kuizungusha kwa kalamu ya biki. Mama yako alisimama na maua yake mpaka nikamaliza.

Najitetea kwamba nilikuwa kijana. Lakini Barry alipotoa wimbo wake wa kwanza mkubwa, 1973, alikuwa na miaka 28, na mimi siku ile nilikuwa na 29. Kwa hiyo si ujana. Niliogopa.

Alifariki tarehe 4 Julai 2003, figo zilishashindwa kwa sababu ya presha, ana miaka 58. Siku hiyo mama yako ndiye aliyeniletea habari, na hata hapo sikusema kitu.

Kuhusu wimbo, sitakuchagulia. Harusi ni yenu, na mama yako ameniambia nisiingilie. Zote mbili ni nzuri. Ila ule usioimbwa, zile fidla zikishatulia, unamwachia mtu nafasi ya kusema. Basi, naishia hapo.

Kanda bado ninayo, kwenye kabati la vyombo. Ina mkunjo palepale anapomaliza kuongea, kabla hajaanza kuimba. Nitakuja nayo uione.

Baba yako