Jiwe la nyongo lisilotoa kivuli kwenye ultrasaundi

Mkuu, umeuliza kama alama nyeupe ya milimita 4 ndani ya mfuko wa nyongo inaweza kuwa jiwe wakati haina kivuli nyuma yake. Inaweza kabisa. Kivuli hutokea jiwe linapoziba upana wote wa mwali, yaani ule mkondo wa mawimbi ya sauti yanayotoka kwenye mashine. Likiwa jembamba kuliko mwali, mawimbi hupita pembeni na kukijaza kile kivuli.

Kwa hiyo ubane mwali. Weka fokasi (pale mwali unapokuwa mwembamba zaidi) kwenye kina cha jiwe lenyewe, kisha pandisha masafa ya mawimbi kutoka megahezi 3.5 hadi 5 kama unene wa mgonjwa unaruhusu. Zima kompaundi, na hii wengi huisahau: ni mpangilio wa mashine unaochanganya picha za pembe tofauti, kivuli kinafifia. Punguza pia geini (ukuzaji wa mwangwi) ya eneo lililo chini ya jiwe.

Halafu mgeuze alalie ubavu wa kushoto. Jiwe ambalo halijakwama huteremka, polipu (kinyama kilichoota ndani ya mfuko) hung'ang'ania ukutani.

Ukiona kivuli chembamba kinachoanzia kwenye ukingo wa mfuko bila alama nyeupe, hapo mawimbi yamepinda tu. Badilisha pembe ya proba (kifaa unachokishika mgonjwani), kitatoweka. Kikiwa kwenye shingo ya mfuko wa nyongo, tafuta kwanza jiwe lililokwama. Huko usiamini haraka kwamba ni mawimbi yaliyopinda tu.