Mafuta ya bangi kutoka Toronto kwa mama mwenye saratani

SWALI: Habari daktari. Mama yangu ana miaka 61, ana saratani ya matiti na yuko mzunguko wa tatu wa kemo. Anatapika sana. Mwezi uliopita mguu ulivimba, tukaambiwa ni mgando wa damu, na sasa anameza warfarin. Kaka yangu yuko Toronto na anataka kututumia chupa ya mafuta ya bangi, ile CBD ya 1000 mg. Anasema huko ni halali, Umoja wa Mataifa nao umeshaondoa marufuku, na kwamba mafuta hayo yanaua saratani ila kampuni za dawa zinaficha. Mama naye hataki kuyasikia, anaogopa atarukwa na akili. Nimwamini nani? Mimi ni binti yake wa mwisho, Thika.

JIBU: Dada, pole kwa kuuguza. Mimi ni mfamasia, si daktari, ingawa hapa dirishani kila mtu huniita daktari na nimechoka kukataa. Katika barua yako kuna neno moja ambalo kaka yako huenda hakulipima: warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Naanzia hapo.

Warfarin huvunjwa kwenye ini na kimeng'enya kiitwacho CYP2C9. CBD, kemikali ya bangi iliyomo kwenye mafuta hayo, hukizuia kimeng'enya hicho. Fikiria mizani ya Mariakani siku mtambo umekwama: malori yanazidi kufika, hayapiti. Mama atameza tembe ileile ya kila jioni, lakini dawa itarundikana kwenye damu na kipimo chake cha INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, kitapanda. Ishara zinaweza kuwa fizi zinazovuja damu, au choo cheusi kama lami, au mbaya zaidi, damu kuvuja kichwani. Kumbuka kemo nayo inaweza kushusha chembe za kugandisha damu. Tena mkimpa kimyakimya, kliniki wataona INR imepanda bila sababu na watapunguza warfarin. Chupa itakapoisha, INR itaporomoka, na mgando utapata nafasi ya kurudi. Hatari iko mwanzo wa chupa na mwisho wake pia.

Sasa tuitazame chupa yenyewe. Lebo ikisema 1000 mg katika mililita 30, kila mililita ina takriban miligramu 33. Mililita moja ni kama matone 20, kwa hiyo tone moja lina miligramu moja na nusu hivi, au mbili kasoro. Dawa ya CBD iliyopimwa sawasawa ipo, inaitwa Epidiolex, na Marekani waliiidhinisha Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kigumu cha watoto. Dozi yake ya kawaida ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 50 angehitaji miligramu 500, yaani chupa nzima ya kaka yako kila siku mbili. Matone matano asubuhi na matano jioni ni jambo tofauti kabisa, na hakuna aliyethibitisha kwamba yanafanya lolote kwa saratani.

Hapo nimeiamini lebo, na lebo si ya kuaminiwa sana. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Karibu theluthi moja tu ndizo zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, na 18 zilikuwa na THC, ile kemikali inayolewesha. Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa chupa na mteja aliyeinunua kwa pesa nyingi kama dawa ya saratani. Nikaigeuza, nikasoma maandishi madogo ya nyuma: mafuta ya mbegu za hempu, aina ya bangi isiyolewesha. Hayo ni mafuta ya kutia kwenye saladi. Hayana CBD ya kuzungumzia, na yalinukia njugu.

Kuhusu kuua saratani, uvumi huu una mzizi. Mwaka 1975 watafiti wa Virginia waliripoti kwamba THC ilipunguza kasi ya uvimbe wa mapafu kwa panya. Tangu hapo kumekuwa na majaribio mengi ya seli ndani ya visahani vya maabara. Lakini kwenye kisahani hata Jik huua seli za saratani, na hakuna anayeinywa. Kwa binadamu, hakuna jaribio kubwa lililoonyesha kwamba bangi inaponya saratani ya matiti au nyingine yoyote. Ninachojua ni kwamba utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa 2018 ulilinganisha wagonjwa wa saratani waliochagua tiba mbadala peke yake na waliopata matibabu ya kawaida. Wale wa kwanza walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu zaidi. Mama asikose mzunguko wa nne.

Na hili la kampuni kuficha! Kampuni ya Uingereza iliyotengeneza Epidiolex ilinunuliwa na kampuni nyingine ya dawa mwaka 2021 kwa zaidi ya dola bilioni 7. Mfanyabiashara hafichi kitu anachoweza kukuuzia.

Kaka yako anachanganya maswali mawili, na hayuko peke yake: je, kitu ni halali, na je, kinatibu? Canada ilihalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, na sababu walizoziandika zilikuwa kuwaondolea wahalifu biashara hiyo na kuwakinga vijana. Saratani haikuwa hoja. Hapa kwetu, George Wajackoyah aliponadi bangi akiwania urais katika uchaguzi wa 2022, alizungumzia kuiuza nje ili tulipe deni la taifa, akapata kura 61,969. Unaweza kumuunga mkono au kumpinga, ila hiyo ni hoja ya mfuko. Umoja wa Mataifa nao haukuhalalisha kitu. Desemba 2020 tume yake ya dawa za kulevya ilipiga kura kule Vienna, 27 dhidi ya 25, kuitoa bangi kwenye orodha ya nne, iliyo kali zaidi, ya mkataba wa dawa za kulevya wa 1961, iliko heroini. Ilibaki kwenye orodha ya kwanza, pamoja na mofini.

Mofini ni mfano mzuri. Inatoka kwenye afyuni, inadhibitiwa vikali, na bado mgonjwa wa saratani huandikiwa mofini ya maji anywe nyumbani kwa kipimo. Hakuna daktari anayemwambia avute afyuni. Bangi nayo imezaa dawa za namna hiyo: dronabinol, THC iliyotengenezwa maabara, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa kutapika kwa wagonjwa wa kemo pale dawa nyingine zinaposhindwa. Kwa hiyo kaka yako hajakosea kila kitu.

Mama naye ana woga wenye ukweli kidogo. CBD peke yake hailewishi. THC ndiyo inayoweza kuvuruga akili, hasa kwa kijana anayevuta kila siku bangi kali, au aliye na ugonjwa wa akili katika ukoo. Lakini yale tuliyoambiwa shuleni, kwamba mvuto mmoja unakupeleka hospitali ya akili ya Mathari, ni chumvi. Hata hesabu ya uraibu inayonukuliwa sana ni ya watu 9 katika kila 100 waliowahi kuitumia. Si wote, wala si sifuri kama vijana wanavyodai.

Usafirishaji haufai vilevile. Canada yenyewe inakataza kutoa bangi nje ya nchi bila kibali maalum, mafuta ya CBD yakiwemo, hata kama uendako ni halali. Na hapa Kenya, sheria ya mihadarati ya 1994 haitauliza kama chupa ilikuwa ya mgonjwa.

Kutapika ndiko kunakomtesha sasa, na dawa zake zipo. Uliza kliniki anapewa nini kabla ya kemo. Ikiwa ni ondansetron peke yake, uliza kuhusu kuongeza dexamethasone, na olanzapine usiku. Hii ya mwisho husaidia wengi na si ghali, ila inaleta usingizi, basi asiamke ghafla usiku kwenda msalani bila mtu wa kumshika. Andika pia saa anazotapika: siku ileile ya kemo au siku ya tatu. Tiba hutofautiana.

Siku ya kliniki beba karatasi yenye kila anachomeza, mitishamba na chai za majirani pia. Kama chupa ya Toronto imeshafika na ameshaonja, iandike na hiyo, pamoja na idadi ya matone na tarehe, na uombe INR ipimwe siku hiyohiyo.