Harpers Ferry na mgeni kutoka nyumbani: nani apande Maryland Heights, nani abaki mjini

Mkuu umeuliza kama mlima wa Maryland Heights pale Harpers Ferry unapandika na mtu asiye na mazoezi, maana bi mkubwa anakuja kutoka Tanga kuwatembelea wewe na mdogo wako hapo Silver Spring na umeshaona zile picha za watu wamekaa juu ya jabali, mji wote uko chini yao. Mi naishi upande huu huu wa Maryland na ule mlima naupenda sana, nimeupanda joto na baridi. Kwa kifupi bi mkubwa asipande, nyie wawili pandeni, na mkipanda msiishie kwenye picha.

Kwanza cheki mji ulivyokaa. Uko West Virginia, kama maili 60 kutoka DC, umebanwa kwenye ncha ya nchi kavu, Potomac inapita huku, Shenandoah inapita kule, halafu mito inakutana pale mbele, na ng'ambo ya kila mto kuna mlima umesimama. Maryland Heights uko ng'ambo ya Potomac, Loudoun Heights ng'ambo ya Shenandoah. Yani mji uko shimoni. Ukilielewa hilo umeielewa nusu ya historia ya Harpers Ferry, na ndo maana nasema pandeni, ukibaki chini unasoma tu vibao.

Njia inaanzia mjini. Mnavuka Potomac kwa daraja la miguu lililopita ubavuni mwa reli, treni ndefu ya mizigo ikipita unausikia mtetemo mpaka kwenye nyayo, kisha mnashuka ngazi za chuma mpaka kwenye njia ya kando ya mfereji wa zamani wa C&O, mnakata kushoto kufuata mto, mnavuka barabara ya magari, na hapo sasa kazi inaanza. Ile sehemu ya mwanzo ni barabara ya wanajeshi wa karne ya 19, ilichongwa kupandisha mizinga sio watalii, mwinuko wake unakata pumzi mapema sana kabla hata hujapasha misuli. Rais Lincoln alikuja kukagua askari Oktoba 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akaanza kuupanda mlima huu na farasi, akaishia njiani kwa jinsi ulivyosimama. Kwa hiyo mdogo wako akianza kuhema msimcheke, nendeni mdogo mdogo, simameni, kunyweni maji.

Mbele njia inagawanyika, moja inashuka kwenda jabalini, nyingine inaendelea kupanda hadi ngome ya mawe. Jabali peke yake, kwenda na kurudi kutoka mjini, ni maili 4.5 hivi (kilomita 7 na ushee), wekeni masaa 3. Mkizunguka na ngomeni inakuwa kama maili 6.5, zaidi ya kilomita 10, wekeni masaa 4 au zaidi. Asilimia kubwa ya watu wanakimbilia jabalini wanapiga selfi wanashuka. Mi nakushauri ngomeni kwanza, jabali mwisho, kwa sababu kule juu ndo unaelewa kilichotokea Septemba 1862: jeshi la Kaskazini, yani la serikali ya Lincoln, lilikuwa limejazana mjini, likaupoteza mlima huu, Kusini, yani majimbo yaliyojitenga, wakapandisha mizinga kwenye milima ya kuuzunguka mji, na tarehe 15 kikosi kizima cha watu zaidi ya elfu 12 kikasalimu amri. Waliporudi, Kaskazini hawakurudia kosa, wakajenga ngome kule kileleni. Kuta zake bado zipo, mawe makubwa yamepangwa kwa mkono, yameota kuvu, miti imeshamea katikati, na njiani mtapita mahali palipowekwa mzinga mmoja wa zaidi ya tani 4 ambao askari waliuvuta kwa kamba mpaka juu. Wewe umepanda na begi la maji tu na mapaja yanawaka, fikiria wale.

Baada ya hapo shukeni jabalini, sasa ule mji mnauona kwa macho mengine kabisa, nyumba, mnara wa kanisa na madaraja vyote viko mkononi mwako, na reli inaingia kwenye tunnel chini kabisa ya miguu yenu. Hakuna uzio pale. Mwamba ukilowa unateleza na watu wameshawahi kuanguka, kwa hiyo picha pigeni mkiwa mmekaa.

Bi mkubwa wakati huo aachwe mjini na mtu, na asidhani amekosa kitu. Kuna lile jengo dogo la matofali, lilikuwa la pampu za kuzimia moto, ambamo John Brown, mzungu mpinga utumwa, na wenzake walijifungia Oktoba 1859 baada ya kuvamia ghala la silaha la serikali ili wawape watumwa bunduki. Kundi zima lililovamia lilikuwa watu 22 ukimhesabu yeye, na watano kati yao walikuwa weusi. Mmoja anaitwa Dangerfield Newby, alizaliwa mtumwa akaja kuwa huru, lakini mkewe Harriet na watoto walibaki utumwani Virginia, alitafuta hela ya kuwakomboa ikashindikana, akaamua kuja na bunduki. Aliuawa wa kwanza katika kundi lile. Mwilini walimkuta na barua za mkewe zikimsihi awahi kumkomboa kabla bwana anayemmiliki hajamuuza, na baada ya hapo yule mama kweli aliuzwa kusini zaidi, Louisiana. Mi nikifika pale kwenye lile jengo siwezi kupita haraka. Msimulieni bi mkubwa habari hiyo, mtu wa pwani ya Tanga habari za misafara ya watumwa sio ngeni kwake.

Magoti yakimruhusu kuna ngazi za mawe zilizochongwa kwenye mwamba kupanda kanisa la St. Peter, na mbele kidogo Jefferson Rock, ni mwendo mfupi ila ngazi haziko sawa, mshikeni mkono. Hapo atakuwa anatembea kwenye Appalachian Trail yenyewe, ile njia ya kutoka Georgia mpaka Maine. Halafu kule mji wa juu mpelekeni kwa gari akaone majengo ya Storer College, chuo kilichoanzishwa 1867 kwa ajili ya waliotoka utumwani. Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, alisoma pale.

Mengine ya haraka: mfike kabla ya saa 3 asubuhi hasa wikiendi ya Oktoba majani yakigeuka rangi, pakingi za kando ya barabara chini ya mlima ni chache sana, paki kituo cha wageni mpande basi la hifadhi. Maji lita 2 kila mtu, juu hakuna bomba. Vaeni raba zenye meno, majani makavu yanaficha mawe na kushuka ndo kunaumiza magoti kuliko kupanda. Kagueni kupe mwilini mkirudi, na mmea wowote wa majani matatu matatu usiuguse. Msiogelee pale mito inapokutana hata kama maji yanaonekana ya kina kifupi, mkondo wake umeua watu. Na kama hamna gari, treni ya MARC inatoka Union Station ya DC inasimama Harpers Ferry mjini pale pale, ila ni siku za kazi tu na ratiba yake inawafaa waendao kazini DC, asubuhi inakwenda DC jioni ndo inarudi Harpers Ferry, kwa hiyo kwa safari ya siku moja azimeni gari.