Muulize Mfamasia: Je, homa itamwaga dawa yote?

*Dada mfamasia, salamu kutoka Kahawa West. Binti yangu anasoma kemia pale Chiromo. Wikendi alikuja na kichupa kwenye barafu, ndani kitu kama maji. Akanidondoshea kidogo kiganjani, na kabla sijamaliza kumuuliza ni nini, kikawa jeli. Anasema dawa ikichanganywa humo na kudungwa, itatoka mwilini polepole, na kwamba huenda nyanya yake, anayejidunga insulini kila siku, akaja kudungwa mara moja kwa wiki. Kitu gani hiki kinachoganda kwa joto? Na mtu akishikwa na homa, si dawa yote itamwagika kwa mkupuo? – Baba Wanja*

Baba Wanja, kwa maelezo yako nadhani ulishika poloksama 407, polima (kemikali ambayo molekuli zake ni minyororo mirefu) inayopendwa sana na wanafunzi kwa sababu haina makuu. Nami niliikoroga nikiwa chuoni. Ukitumia maji ya moto unga wake unafanya mabonge, kwa hiyo huchanganywa na maji baridi sana na kuachwa kwenye friji usiku kucha mpaka povu liishe.

Kila mnyororo wake una vipande vitatu. Viwili vya pembeni hupenda maji wakati wote. Cha katikati hupatana nayo yakiwa baridi tu. Joto likipanda, cha katikati hutafuta pa kujificha. Basi minyororo hujikusanya, katikati ndani na pembeni nje, ikawa vitufe visivyoonekana kwa macho. Vitufe hivyo vikijaa hubanana mpaka haviwezi kupishana, na hapo ndipo unapoona jeli. Ni kinyume kabisa cha mafuta ya nazi, ambayo mwezi wa Julai tunayachokoa kwa kijiko hapa Nairobi. Kirudishe kichupa kwenye friji, jeli itakuwa maji tena.

Nyuzijoto ambapo itaganda hutegemea kiasi cha polima. Ukiongeza poloksama, huganda mapema. Ukiichanganya na dada yake, poloksama 188, huchelewa. Jambo hili linanigusa kuliko mengine, kwa sababu dawa iliyopimwa kwa chumba cha nyuzi 20 huko Ulaya inaweza kuganda ndani ya sindano mchana wa Lodwar, kabla haijamfikia mgonjwa. Yeyote anayetutengenezea dawa za namna hii aanze kwa kuuliza vyumba vyetu vina joto gani.

Sasa homa. Hapa wengi huchanganya mambo mawili. Katika jeli aliyokuonyesha binti yako, joto la mwili hufunga mlango, halifungui. Kwenye nyuzi 37 imeshaganda; kwenye 39 bado ni jeli. Dawa itapenya haraka kidogo, lakini haitamwagika. Kinachoitoa ni yenyewe kupenya taratibu, na jeli kumomonyoka.

Ziko polima nyingine ambazo hungoja joto ndipo zitoe dawa. Maarufu ni PNIPAM, ambayo minyororo yake hujikunja na kuyatema maji ikifika nyuzi 32 hivi. Wakemia huiongezea vipande vinavyopenda maji ili ingoje joto zaidi, kisha daktari apashe moto sehemu yenye uvimbe tu, dawa itoke hapo. Kwa hizo, swali lako la homa ni zito. Hata hivyo zina vituko vyake: kipande cha jeli ya PNIPAM kikipashwa ghafla, ngozi ya nje inaweza kusinyaa kwanza na kuifungia dawa ndani! Tena mnyororo wenyewe hauozi mwilini, na hilo ni kikwazo kikubwa.

Usidhani haya yote yamebaki maabara. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha Otiprio, siprofloksasini (dawa ya kuua bakteria) ndani ya poloksama 407, iliyotengenezwa ili daktari aiweke mara moja tu katika sikio la mtoto anayewekewa vijibomba vya kutoa maji ya sikio. Mwaka 2020 ikafuata Jelmyto, ya aina moja ya saratani katika njia ya mkojo karibu na figo. Huingizwa ikiwa baridi, huganda, na hukaa saa kadhaa, mahali ambapo dawa ya majimaji ingesombwa na mkojo mara moja.

Kuhusu nyanya, binti amekimbia kidogo. Jeli ya poloksama humomonyoka ndani ya saa au siku chache, kwa hiyo haiwezi kubeba wiki nzima. Kuna polima za kundi la PLGA zinazoganda kwa joto na kudumu wiki kadhaa, lakini insulini ni protini, nayo huharibika kwa urahisi. Ikitoka nyingi siku ya kwanza, sukari inashuka kwa hatari, na ikishadungwa hakuna wa kuirudisha. Insulini ya wiki ipo, inaitwa icodec, na Umoja wa Ulaya uliiidhinisha mwaka 2024. Haitumii jeli, hujishikiza kwenye albumini, protini ya damu, na kuachiliwa kidogo kidogo.

Kwa sasa nyanya aendelee na sindano zake kama alivyoelekezwa kliniki. Na hicho kichupa, kama bado kiko kwenye friji ya nyumbani, kiandikwe jina kwa herufi kubwa na kikae mbali na insulini yake: vyote viwili vinafanana na maji.