Paka mzee aliyeng'olewa meno: alishwe nini, na dawa zipi zisimkaribie

SWALI

Daktari, habari za kazi. Paka wangu Shombo ana miaka 13, jike, uzito kilo 3.5. Ijumaa aling'olewa meno saba, ikiwemo chonge ya juu kushoto, kwa sababu ya ugonjwa wa fizi. Leo ni siku ya nne. Anaisogelea sahani, analamba supu mara mbili tatu, halafu anageuka na kwenda kukaa chini ya kabati. Siku mbili za mwanzo mate yalikuwa na rangi ya damu, sasa ni ute tu, ila mdomo unanuka kidogo na naona vijiuzi kwenye fizi. Nilipewa vidonge vya doksisaiklini (dawa ya kuua bakteria), namsukumia kooni asubuhi na jioni. Dawa ya maumivu iliisha jana. Jirani ananiambia nimpe nusu Panadol. Mkwe wangu naye anasema nimpake mafuta ya karafuu na kumsukutua kwa maji ya chumvi. Zamani chakula chake kilikuwa dagaa wakavu, anatafuna mwenyewe. Sasa nimlishe nini? Na panya atakamata tena?

Mama mstaafu, Ujiji

JIBU

Shikamoo mama, na pole kwa kuuguza.

Hiyo nusu Panadol iache hukohuko kwa jirani. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja parasetamoli, ndiyo dawa iliyomo kwenye Panadol, na kuitoa mwilini kama letu. Inageuka sumu, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinakuwa za kahawia au bluu, uso na miguu inavimba, na paka anaweza kufa kwa hiyo dozi moja. Piga hesabu: nusu kidonge ni miligramu 250, ukigawa kwa kilo 3.5 unapata zaidi ya miligramu 70 kwa kila kilo. Kuna paka waliodhurika kwa pungufu ya hapo. Kama kuna mtu nyumbani alishampa kwa kificho akidhani anasaidia, usikae kungoja dalili. Mpeleke saa hiyohiyo, maana dawa ya kuipinga sumu hiyo ipo, lakini inataka kuwahi.

Diklofenaki na ibuprofeni nazo ni vivyo hivyo, zinamalizia kwenye figo na tumbo. Watu huniuliza kuhusu meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu, kwa kuwa wamesikia madaktari wa mifugo wanaitumia kwa paka. Ni kweli tunaitumia, lakini ile ya maji, kwa vipimo vidogo mno. Kwa paka wa kilo 3.5 kipimo cha kawaida cha siku hakifiki hata miligramu 0.2. Kidonge cha binadamu kina 7.5. Hiyo ni zaidi ya mara 40, na huwezi kukikata kwa wembe ukapata kipande cha kumfaa.

Karafuu pia hapana. Kile kinachotutia ganzi sisi jino likiuma ni kemikali ambayo paka haiwezi, na akijilamba inaingia yote. Maji ya chumvi yangekuwa sawa kama Shombo angejua kusukutua na kutema. Yeye atayameza, na chumvi si rafiki wa figo za paka wa miaka 13, umri ambao kwa hesabu zetu za kibinadamu unakaribia 70.

Sasa nirudi kwenye lile lililonishtua zaidi katika barua yako, nalo wewe umelitaja kama jambo la kupita: unamsukumia doksisaiklini kooni. Je, unampa maji baada yake? Kidonge kikavu cha doksisaiklini kinaweza kukwama katikati ya umio wa paka, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, mahali ambapo huwezi kukiona, kikayeyuka pale na kuunguza nyama. Kidonda kikipona, umio unasinyaa na kuacha njia nyembamba. Wiki kadhaa baadaye mwenye paka anakuja akisema kila akila anarudisha, na wakati huo tiba yake ni ngumu kweli. Kwa hiyo kuanzia jioni ya leo, kila kidonge kifuatwe na maji mililita 5 au 6 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kipewe katikati ya mlo. Kisiende na maziwa, yanaizuia dawa isifyonzwe vizuri.

Bomba liingie pembeni ya mdomo, upande wa kulia, kwa kuwa kushoto ndiko kulikong'olewa chonge. Usiinue kichwa chake juu kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini; atapaliwa. Kichwa kikae kama anavyokaa mwenyewe, umpe kidogo kidogo, ungoje ameze. Na usimpanue mdomo ili kukagua mishono. Unachohitaji kujua utakiona kwa nje.

Dawa hiyohiyo huchafua tumbo, na paka mwenye kichefuchefu hufanya kama anavyofanya Shombo: anakuja kwenye sahani, ananusa, analamba midomo, anaondoka. Paka mwenye maumivu naye hufanya hivyo, ila huyu mara nyingi utamkuta amejikunyata, macho nusu wazi, au anapeleka mkono mdomoni. Vyovyote vile, hajakosa njaa. Anakuja kwa sababu anataka kula, kuna kitu kinamzuia. Ndiyo maana nakuomba leo hii umpigie daktari aliyemng'oa, umwambie mambo mawili: dawa ya maumivu imekwisha, na paka hali chakula. Meno saba, pamoja na chonge yenye mzizi mrefu kuliko sehemu inayoonekana, si kazi ya siku tatu za dawa. Yeye anajua alimpa nini kwenye sindano na hali ya figo zake ikoje, mimi sijui, kwa hiyo sitakutajia dawa ya kununua.

Nasisitiza kula kwa sababu yalinikuta. Mwanzoni mwa kazi nilimrudisha nyumbani paka mmoja mnene, mishono mizuri, nikajisifu moyoni. Sikumwambia mwenyewe chochote kuhusu chakula. Alirudi siku ya tano, mishono imeshikana vizuri na ngozi ya ndani ya masikio ni ya manjano. Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mwili unahamisha mafuta kwenda kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyatumia, na ini linafeli. Wanene huwahi zaidi, ila wembamba hawakusalimika. Tangu siku hiyo namuuliza mwenye paka habari za sahani kabla ya habari za kidonda. Shombo ana siku nne za kulamba supu, na supu tupu ni maji yenye harufu. Akipitisha saa 24 bila kula chochote cha maana, usingoje kesho.

Cha maana ni kiasi gani? Paka wa kilo zake anataka kama kilokalori 180 kwa siku. Nyama ya kuku ya kuchemsha, isiyo na ngozi wala mfupa, gramu 100 hivi inakaribia hapo. Hajazoea kuku, najua, mtu wa Ujiji na paka wake wote ni dagaa. Basi anza na dagaa, ila kwa utaratibu. Wakavu wetu wengi wameanikwa mchangani, na punje za mchanga kwenye fizi iliyoshonwa jana juzi ni mateso. Toa vichwa, loweka, osha maji matatu manne mpaka chini ya bakuli pasibaki kitu, chemsha bila chumvi, twanga kwenye kinu, kisha pitisha kwenye chujio. Changanya na maji yale ya kuchemshia mpaka iwe kama uji mzito. Ukipata wabichi asubuhi pale Kibirizi wanakoshusha samaki ni rahisi zaidi, lakini usimpe bila kupika. Mgebuka, yule samaki wa ziwa letu, wa kuchemsha nao unafaa ukiutoa miba kwa mkono, si kwa macho. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wakapata kidogo na bei ikapanda, yai la kuchemsha lililopondwa na mchuzi wa kuku linatosha.

Vitunguu, vya maji na saumu, visikaribie sufuria hiyo, vinaharibu damu ya paka. Mawese weka pembeni kwa sasa, atahara. Maziwa ya ng'ombe vilevile kwa paka wengi wakubwa.

Mpe vuguvugu, si moto. Paka hula kwa pua, na chakula baridi hakina harufu. Kijiko kimoja au viwili, mara tano au sita kwa siku, kwenye sahani bapa asilazimike kuingiza uso. Akigoma, mpake kidogo juu ya mkono wake wa mbele ajilambe. Mara nyingi hapo ndipo anakumbuka. Kumlisha kwa nguvu kwa bomba sikushauri. Paka aliyelazimishwa akiwa na kichefuchefu anaweza kukichukia chakula hicho moja kwa moja.

Dagaa wa kusaga wasiwe chakula chake cha daima. Mifupa yao ina madini ya fosforasi mengi, na figo nyingi za umri huu zimeshaanza kuchoka. Akizoea kuku, wabadilishane.

Vijiuzi ulivyoviona ni mishono, na kwa kawaida huwa ya aina inayoyeyuka yenyewe ndani ya wiki chache. Usivute. Fizi hufunga kwa siku 10 hadi 14, na muda huo asipewe kikavu chochote, asitoke nje. Harufu kidogo siku ya nne si ajabu. Ikizidi badala ya kupungua, uvimbe ukitokea chini ya jicho, au damu mbichi ikianza kudondoka upya, rudi kwa daktari. Kuna moja zaidi kwa sababu ya ile chonge ya juu: mzizi wake unapakana na tundu la pua. Ukiona anapiga chafya mara kwa mara, au chakula kinatokea puani upande wa kushoto, yawezekana tundu limebaki wazi na linahitaji kushonwa tena.

Mpime uzito mara mbili kwa wiki. Mizani ya bakuli ya muuza dagaa inatosha, mweke ndani ya kikapu kisha toa uzito wa kikapu. Akishuka chini ya kilo 3.3 tusianze kubishana kama anakula au hali. Na kama amekuwa akinywa maji sana na kukojoa sana hata kabla ya meno, mwambie daktari amfanyie kipimo cha figo kabla hajaongeza siku za dawa ya maumivu.

Kuhusu panya: kukamata atakamata, kazi hiyo huanzia kwenye masikio na makucha. Kuua ndiko kutakuwa kwa shida, chonge ndizo huvunja shingo. Utamkuta amembana panya mzima jikoni anamwangalia tu. Kula hana tabu, hata paka asiye na jino lolote hula akashiba, kwa kuwa hatafuni kwa kusaga kama sisi, anakata vipande na kumeza. Ila nakuomba usizibe pengo lake kwa sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hutembea polepole siku mbili tatu kabla ya kufa, na huyo ndiye Shombo atakayemuweza.