Re: Mbona taarab ya zamani sioni malalamiko, nasikia mapenzi tu?

Salaam mkuu. Umesema umesikiliza nyimbo za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, mara kadhaa ukitafuta malalamiko, hukuyaona. Nilikwama hapohapo.

Kwanza acha kutafuta kaulimbiu; tafuta nani anasemwa. Zanzibar ya miaka ya 1920 malalamiko yalipita kwenye fumbo, na mafumbo ni malezi ya ngoma na unyago kabla hayajawa ya taarab. Anza na wimbo wake "Kijiti": mwanamke kauawa, muuaji katorokea bara, halafu mashahidi ndio wanaofungwa. Hiyo ni kesi ya mahakama ya wakoloni, si mapenzi! Mimi niliielewa baada ya bibi mmoja jirani kunieleza ubeti kwa ubeti. Peke yangu nilikuwa nafuata mlio wa ala ya udi tu.

Pili, angalia lugha. Taarab ya kasri la Sultani iliimbwa Kiarabu. Siti, mzaliwa wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu, aliimba Kiswahili na mwaka 1928 akarekodi Bombay. Kwangu mimi hilo lenyewe lilikuwa jeuri.

Ukikwama kwenye ubeti, ubandike hapa tuuchambue.